Bei Haipo Kileleni: Kukadiria Kazi Ndogo za Kukata Miti Mwanza

Ndugu zangu mafundi, habari za mchana.

Kuna sentensi ambayo kila aliyekaa hapa ameshaisikia: "Fundi, mti wenyewe mdogo tu huu." Mwenye nyumba akishasema hivyo, fundi anainua kichwa, anatazama kilele, anakuna kidevu, anataja bei. Hasara imeanza hapo hapo. Ametazama juu, wakati gharama ya kazi ndogo iko chini na pembeni: bati la jirani, ngazi za kushukia barabarani, mahali pa kutupa matawi, na masaa mawili yanayoliwa kabla mashine haijaungurumishwa. Leo nataka tushushe macho.

Hata hivyo mti wenyewe lazima upimwe, na upimwe kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha futi kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Ulichopata gawanya kwa 3.14, hicho ndicho kipenyo. Mzingo wa sentimita 126 ni kipenyo cha sentimita 40. Watu wengi wanatoza kwa urefu, lakini uzito unaamuliwa zaidi na unene. Kipenyo kikitoka 20 kwenda 40, uzito wa kila mita haupandi mara mbili. Unapanda mara nne. Gogo la sentimita 40, refu mita 6, lina ujazo wa karibu robo tatu ya mita ya ujazo. Mti mbichi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo gogo hilo ni kama kilo 750. Kata kipande cha nusu mita tu, una kilo 63 mkononi. Mfuko wa saruji ni kilo 50.

Sasa zipeleke hizo kilo 750 kwenye vilima vyetu. Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika: nyumba imekaa kati ya mawe, gari linaishia chini, unapanda kwa ngazi au kinjia cha mbuzi. Kijana mwenye nguvu atabeba kilo 25 kwa safari bila kuumia mgongo. Safari 30. Kushuka, kutua, kupanda tena, dakika kumi. Dakika 300, yaani masaa matano ya mtu mmoja, na hapo hatujagusa matawi wala majani, ambayo ni mepesi lakini yanajaza nafasi na kunasa kila kona. Mti huo huo ukiwa Nyakato kando ya barabara, gari linasogea hadi kwenye shina. Mti mmoja, bei mbili, na ya kilimani ni halali kabisa kuwa juu. Hesabu hatua. Tembea kutoka kwenye shina hadi gari litakapoegeshwa huku unahesabu, uandike namba hiyo pamoja na vipimo vya mti.

Swali la pili ni kama mti utaangushwa mzima au utashushwa kwa vipande. Hapa ndipo kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku nzima. Kuangusha mzima kunataka uwazi usio na mtu wa mara mbili ya urefu wa mti, pande zote. Mti wa mita 10 unataka mita 20. Ukiwa na nafasi hiyo, kata mdomo, yaani pengo la kabari kwenye shina, upande unaotaka mti uelekee, kina cha robo ya kipenyo au pungufu kidogo, halafu njoo na mkato wa nyuma juu kidogo ya mdomo, ukiacha bawaba, yaani ukanda wa mti usiokatwa kati ya mikato miwili, wa unene wa moja ya kumi ya kipenyo. Kwa shina la sentimita 40, bawaba ni sentimita 4. Ukiikata bawaba yote mti unachagua wenyewe pa kwenda, na kilimani huchagua bondeni, alipo jirani.

Kati ya nyumba za Isamilo mita 20 za uwazi utazitafuta sana. Basi ni kupanda na kushusha kwa kamba, tawi kwa tawi. Kipande kinachoachiwa kutoka mita 8 kinafika chini kikiwa na mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Mfikirie bodaboda wa mwendo huo akiingia kwenye bati la geji 30. Kwa hiyo unapokadiria, hesabu vipande vitakavyofungwa kamba: kufunga, kukata, kushusha, kufungua, kuvuta kando. Weka dakika kumi kwa kipande kama timu imezoeana. Vipande 20 ni zaidi ya masaa matatu. Na kamba isiwe na ulegevu wakati kipande kinaachia, maana kikidondoka mita moja kabla ya kunaswa, mshtuko wake ni mara kadhaa ya uzito wake. Ya katani iliyokaa mvuani msimu mzima iacheni ifungie mbuzi.

Nigusie aina za miti, kwa sababu kila mmoja una ujanja wake. Mwembe wa zamani mara nyingi una uwazi ndani. Ugonge kwa mgongo wa shoka, usikilize kama unalia kama ngoma, na uangalie uyoga kwenye shina chini. Tena mwembe wa uani una misumari, kwa sababu miaka yote hiyo ulikuwa nguzo ya kamba ya nguo. Msumari mmoja unamaliza makali ya mnyororo. Mkaratusi ni mzito na mrefu, lakini umenyooka, na matawi yake ni machache. Mwarobaini una matawi mengi yaliyotapakaa, utabeba safari nyingi kuliko shina linavyokuahidi. Mti uliokufa ukisimama watu wanadhani ni rahisi kwa sababu ni mwepesi. Bei yake iwe juu! Matawi yake yanakatika bila kuonya, na haufai mtu kuukwea. Itabidi uuvute kwa kamba kutoka mbali.

Kisiki ni kazi nyingine, kiwe na bei yake. Mwarobaini, mjohoro na mkaratusi vikikatwa huchipua, na baada ya mvua za vuli mteja atakupigia akisema hukumaliza kazi. Mwambie mapema: kisiki kinaachwa sentimita 10 kutoka ardhini, au kinang'olewa kwa malipo ya ziada. Kung'oa kwenye udongo wa tambarare ni jembe, shoka na jasho. Kwenye miamba ni suala jingine. Mizizi inapita chini na pembeni ya mawe, na mahali pengine ndiyo inayoshika udongo uliolishika jiwe. Ukiona kisiki kimekumbatia jiwe, na chini yake kuna nyumba, usikubali kuking'oa kwa bei yoyote. Kata usawa wa ardhi, mizizi ibaki.

Haya, tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano wa darasani. Kila mmoja aweke za kwake za wiki hii. Mwarobaini wa mita 10, kipenyo sentimita 40, unashushwa kwa vipande, siku moja, watu watatu. Mkataji 40,000, wasaidizi wawili 15,000 kila mmoja: 70,000. Petroli lita 3, oili ya kuchanganyia na oili ya mnyororo: 20,000. Uchakavu wa chenso (msumeno wa mashine), mnyororo wake na faili la kunolea: 10,000. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, safari 3 za 25,000: 75,000. Bodaboda ya kwenda kukagua na simu: 5,000. Jumla 180,000.

Nisimame kwenye ile 10,000 ya uchakavu, kwa sababu ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayofanya fundi awe na kazi kila siku na bado akope hela ya mnyororo. Mashine ya 900,000 ikikufanyia siku 150 za kazi, kila siku inakula 6,000, upende usipende. Mnyororo wa 30,000 ukidumu siku kumi, 3,000. Faili, 1,000. Kwenye mchanga na mawe yetu mnyororo haudumu. Ncha ya msumeno ikigusa ardhi sekunde moja, makali yamekwenda. Na wale wanaoweka oili chafu ya gari kwenye mnyororo ili kuokoa shilingi, ile oili ina unga wa chuma ndani yake, inasaga pampu na upanga wa msumeno, lile bamba linalozungukwa na mnyororo. Unachookoa kwenye chupa unakilipa kwenye vipuri. Mchanganyiko wa petroli nao: mashine inayotaka 50 kwa 1 inapewa mililita 20 za oili kwa lita. Pungufu ya hapo, pistoni inakwaruzika.

Turudi kwenye 180,000. Unataka robo ya bei ibaki kwako kama faida na akiba ya hatari. Wengi watazidisha kwa 1.25 na kupata 225,000. Ukitoa gharama unabaki na 45,000, ambayo ni asilimia 20 ya bei, robo haijafika. Ukitaka robo kamili, gawanya kwa 0.75. Inakuja 240,000, na robo yake ni 60,000. Tofauti ya 15,000 kwa kazi moja. Zidisha mwenyewe kwa kazi za mwezi.

Na zile kazi za tawi moja? Hapo kinahitajika kima cha chini, na kisivunjwe hata kwa shemeji. Ukitoka tu umeshakula nusu siku: kukagua, kubeba vifaa, kunoa, kufunga kamba, kufagia. Nusu siku ya timu 35,000, mashine na mafuta yake 15,000, ukaguzi 5,000, jumla 55,000. Gawanya kwa 0.75, unapata kama 73,000. Sema 75,000. Mteja akishtuka, mwonyeshe kitu cha maana: kwa hiyo hiyo 75,000 mnaweza kumtolea na matawi mawili mengine yanayogusa bati, au amshirikishe jirani wachangie, mfanye nyumba mbili asubuhi moja. Mti wa pili kwenye uwanja huo huo uwe nafuu, kwa sababu maandalizi yameshalipwa na wa kwanza.

Nimesema asubuhi, na nasisitiza. Jua likipanda upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana unazidi. Kwa nyumba za Capri Point, Bwiru na kote ufukweni, kazi ya juu iishe kabla ya saa sita. Ukianza saa tano kwa sababu ya kusubiri fundi mwenzako, umenunua siku ya pili, na hukuiweka kwenye bei.

Vibali nitapita haraka. Mti ulio ndani ya kiwanja cha mtu, anza kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu ulize halmashauri husika. Kumbukeni tuna mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Mti wa kwenye hifadhi ya barabara si wa mwenye nyumba hata kama aliupanda yeye na kuumwagilia. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, usikate kwa neno la mdomo. Waya wa umeme ukipita kwenye matawi, TANESCO wazime kwanza. Siku ya kusubiri iwe kwenye makubaliano, nani anailipa. Na magogo yanayosafirishwa yanahitaji hati ya mazao ya misitu, kwa hiyo ulizia TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kabla gari halijapakia.

Hilo la magogo linaleta ile ofa tamu: "Chukua kuni, ndiyo malipo yako." Kuni mbichi ni maji unayoyabeba. Zinataka kupasuliwa, kukaushwa, kuwekwa mahali, ndipo mama lishe au wakaushaji samaki mwaloni wanunue. Mkaratusi ulionyooka wa unene wa mirunda, sawa, una soko kwa wajenzi. Mwembe uliooza katikati, msaidie mwenyewe abaki nao. Kuni ziwe punguzo dogo baada ya bei kujulikana, zisiwe bei.

Kabla ya kupanda, piga picha kwa simu: bati lililotoboka zamani, ufa wa ukuta, bomba la maji linalopita chini ya mti. Pokea malipo ya awali yanayotosha gari na mafuta, kwa mfano wetu 95,000. Karatasi moja inatosha: mti upi, kisiki kinaachwa wapi, matawi yanakwenda wapi, kuni za nani, na kitu gani hakimo.

Kuna kijana kule nyuma anauliza, mteja akishusha bei nifanyeje. Punguza kazi, bei itafuata. Mti wetu ni 240,000. Mteja ana eneo la shamba nyuma, anaweza kubaki na matawi na magogo mwenyewe. Ondoa kirikuu, 75,000. Gharama inabaki 105,000, gawanya kwa 0.75, ni 140,000. Akikubali, andika kwenye ile karatasi kwamba kila kitu kinabaki uani kwake kikiwa kimekatwa vipande vya mita moja, asaini. La sivyo saa kumi jioni atakuuliza gari liko wapi.