Jina si Mfinyanzi: Kusoma Chapa za Vyombo vya Kirumi

Haya, tukae. Walio nyuma sogeeni mbele, maana leo tunaangalia maandishi madogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Baadhi yenu mlinisikia nikililia jambo hili mwaka jana. Nitalilia tena. Wiki hii nimesahihisha kazi zenu, na sentensi ni ile ile: "Bakuli hili lilifinyangwa na Cinnamus." Nani kakwambia? "Limeandikwa, mwalimu." Aa! Na shati lako limeandikwa jina kwenye kola. Mwenye jina ndiye aliyekaa kwenye cherehani?

Vyombo vyenyewe mnavijua, vile vyekundu vinavyong'aa, sigilata, kwa hiyo habari za Arezzo ya Italia na Gaul, yaani Ufaransa ya leo, sizianzi upya. Nataka tukae na huyu Cinnamus kwanza, kwa sababu mimi mwenyewe alinitia aibu.

Nilikuwa kijana, nimepewa trei ya vigae nivisome. Nikapata gae la bakuli lenye nakshi, sungura anakimbia, na katikati ya nakshi herufi kubwa: IMANNIC. Nikafurahi mno. Imani! Nimevumbua mfinyanzi mpya, tena mwenye jina la kwetu. Siku mbili nzima nikapekua orodha za majina, wapi! Siku ya tatu dada mmoja wa meza ya pili, bila kusema neno, akatoa kioo cha poda mkobani, akakisimamisha kando ya gae. Nikasoma kwenye kioo: CINNAMI. Yaani, cha Cinnamus, wa Lezoux, Gaul ya kati, karne ya 2. Nilikuwa nimemvumbua mtu anayejulikana na kila anayeshika vigae hivi.

Kwa nini kinyume? Fuateni mkono wangu. Muhuri huchongwa kinyume ili ukipigwa kwenye udongo usomeke sawasawa, kama mihuri ya ofisini. Lakini hapa muhuri haukupigwa kwenye bakuli. Ulipigwa ndani ya kalibu, kalibu ikachomwa, ndipo udongo mbichi ukakandamizwa humo. Kwenye kalibu jina linasomeka. Kwenye bakuli limepinduka. Kwa hiyo jina lile ni la karakana ya kalibu. Aliyekandamiza udongo na kuinua ukingo kwenye gurudumu aweza kuwa mtu mwingine kabisa, na mara nyingine naye kapiga kimuhuri chake. Bakuli moja, majina mawili! Na kalibu zilihama mikono. Sasa hebu niambie tena "lilifinyangwa na Cinnamus".

Arezzo ndiyo usiseme. Chapa za karakana ya Marcus Perennius zinataja bwana pamoja na mtumwa: Cerdo, Nicephorus. Angalau hao walitajwa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hawa hata hilo gae lilikuwa la bwana.

"Basi, mwalimu, tuache kusoma chapa?" Someni! Ila msiishie kwenye jina, utafuteni muhuri wenyewe. Wafinyanzi wenye jina Felix walikuwa wangapi? Lakini muhuri ni kitu kimoja, kimechongwa mara moja, na kila kilipogusa udongo kiliacha makovu yale yale. Weka karatasi nyembamba juu ya chapa, sugua kwa penseli laini, polepole, mpaka herufi zijitenge na weusi. Kisha linganisha na gae la mji mwingine: mguu wa A, nafasi kati ya O na F ya neno *officina*, yaani karakana, mzingo wa fremu. Vikilingana vyote, umeushika muhuri ule ule. Na muhuri ukimeguka ncha, mwenyewe hakuutupa. Alisawazisha palipovunjika akaendelea na kazi. Chapa nzima ni ya mwanzo, iliyokatika ni ya baadaye. Ukiikuta moja chini ya majivu ya Colchester, Uingereza, iliyochomwa mwaka 60 au 61, au ya Pompeii, Italia, iliyofukiwa na volkano mwaka 79, una tarehe mkononi. Pompeii hiyo hiyo, mwaka 1881, walikuta shehena ya mabakuli 90 ya Gaul ya kusini ambayo hata haikuwahi kufunguliwa. Brian Hartley na Brenda Dickinson walifanya kazi hii ya kusugua na kulinganisha maisha yao yote, wakatoa orodha ya chapa: juzuu 9, kuanzia 2008 hadi 2012, majina zaidi ya 5,000.

Namwona mmoja pale anataka kusema chapa ni tangazo la biashara. La, bwana. Chapa ya sahani iko katikati, chini ya mchuzi! Nyingine ni vijistari tu vya mtu asiyejua herufi. Tangazo gani hilo? Mimi naziona kama hesabu za jokoni, kwenye tanuri la kuchomea vyombo. Pale La Graufesenque, karakana za Gaul ya kusini karibu na Millau, zimepatikana sahani zilizokwaruzwa orodha kabla ya kuchomwa: jina, aina ya chombo, idadi. Joko moja, mchomo mmoja, vyombo karibu 30,000 vya watu mbalimbali. Bila alama utajuaje chako? Na kwenye orodha anaandikwa Castos, Kigauli hicho. Kwenye chapa za hapo hapo unamkuta Castus. Mdomoni Mgauli, muhurini Mrumi.

Naoneshwa saa. Haraka, basi. Ateius, mwenye karakana: jina moja, karakana Arezzo, Pisa, Lyon. Kemia ya udongo imeonyesha kwamba vyombo vyake vingi vilivyofika kambi za jeshi la Roma kando ya mto Rhine vilitoka Pisa na Lyon. Taa za mafuta zenye chapa FORTIS: watu walichukua taa iliyokamilika wakaitolea kalibu, jina likanakiliwa nayo, na kila nakala ikapungua kidogo maana udongo hunywea. Pimeni taa kwa rula kabla ya kuamini jina. Mitungi ya mafuta ya Monte Testaccio, kile kilima cha vigae huko Roma, niliahidi; samahani, imeishia njiani.

Vigae viko mezani, karatasi na penseli pembeni. Aliyekula mihogo ya kukaanga anawe kwanza. Namba nne msiisugue kwa nguvu, herufi yake ya mwisho imebaki kivuli tu. Kioo nimeleta kimoja, pokezaneni.