Todd Duncan: Baritoni wa Opera na Broadway

Ndugu wasikilizaji, jioni hii nataka tumtazame mtu mmoja tu: Todd Duncan, mwimbaji wa baritoni, sauti ya kiume ya kati, mzaliwa wa Danville, Kentucky, mwaka 1903.

Alisomea muziki, lakini enzi hizo majumba makubwa ya opera, yaani tamthilia za kuimbwa, nchini Marekani hayakumpa mtu mweusi nafasi. Basi akafundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Akiwa huko, habari zake zikamfikia George Gershwin, mtunzi wa opera Porgy and Bess, aliyekuwa akimtafuta wa kuimba kama Porgy, mhusika wake mkuu. Duncan alikwenda kwake na wimbo wa kale wa Kiitaliano. Hata hakuufikisha mbali, Gershwin akamtaka awe Porgy wake. Naye hakukurupuka kukubali: alitaka kwanza ausikie huo muziki wenyewe. Napenda sana jibu lile. Alijua thamani yake.

Porgy and Bess ilifunguliwa New York Oktoba 1935, si katika jumba la opera bali Broadway, mtaa wa tamthilia za muziki. Porgy ni kilema, hivyo Duncan aliimba amepiga magoti. Anayejua uimbaji wa opera anaelewa ugumu wake, maana pumzi hutoka chini ya mbavu, na magoti yanaibana. Ilichezwa mara 124. Kwa opera hizo ni nyingi mno. Kwa Broadway ni chache, ni hasara.

Mwaka 1936 onyesho lilipelekwa Washington, katika ukumbi wa National ambao haukuwaruhusu watazamaji weusi. Duncan, pamoja na Anne Brown aliyeimba kama Bess, akagoma. Wenye ukumbi wakajaribu kupatana naye: weusi waruhusiwe siku kadhaa tu. Akakataa katakata. Mwishowe tiketi zikauzwa kwa wote, na watu wakakaa popote walipolipia. Yule mwalimu wa Howard angeweza kupoteza kazi yake, na wanafunzi wake walikuwa wakimtazama. Kwangu mimi, hilo linazidi sifa zote za sauti yake.

Mwaka 1940 alirudi Broadway katika tamthilia ya muziki Cabin in the Sky. Kisha, Septemba 1945, New York City Opera ikampa nafasi ya Tonio katika opera ya Kiitaliano Pagliacci, akawa mwimbaji mweusi wa kwanza katika kampuni ile. Tonio ni Mtaliano, na waimbaji wenzake walikuwa weupe. Metropolitan, jumba kubwa la opera la New York, haikumfungulia mlango mwimbaji mweusi hadi 1955, alipoingia Marian Anderson.

Mwaka 1949 akaigiza Stephen Kumalo, mchungaji wa Afrika Kusini, katika Lost in the Stars, tamthilia ya muziki ya mtunzi Kurt Weill. Pale mafunzo ya opera na uigizaji wa Broadway vilikutana: baba mwenye huzuni, anayezungumza, kisha anaimba, bila mshono kuonekana.

Baadaye alifundisha uimbaji Washington kwa miongo mingi, hadi uzeeni. Alifariki 1998. Sasa nitawawekea rekodi yake na Anne Brown ya mwaka 1940. Sikilizeni jinsi anavyotamka maneno, kisha tupokee maswali.