Nani Anaongea Haraka? Pima Mwenyewe

Karibuni watazamaji. Hapa Mtwara utasikia kwamba kondakta wa stendi anaongea haraka, bibi wa Mikindani polepole. Leo tunapima.

Kwanza, chumba kitulivu. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabara. Bodaboda moja inatosha kukuharibia kazi. Bibi mpe shikamoo yake, mwombe ruhusa ya kumrekodi, ndipo uweke simu mezani, kama shubiri mbili kutoka mdomoni.

Wote wawili waseme sentensi hii bila kuisoma: "Kesho asubuhi tunapeleka korosho ghalani."

Hamishia rekodi kwenye kompyuta kwa waya, uifungue kwa Praat. Ni programu ya bure ya kuchambua sauti, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sura yake ya kizamani isikutishe.

Hesabu silabi: ke-sho, a-su-bu-hi, tu-na-pe-le-ka, ko-ro-sho, gha-la-ni. Jumla 17. Ukitumia sentensi yenye neno kama Mtwara, hiyo M ya mwanzo ni silabi kamili. Wengi huiruka.

Sasa utamu wenyewe. Tuseme bibi katumia sekunde 4: 17 gawa kwa 4, ni silabi 4.25 kwa sekunde. Kondakta katumia sekunde 3: kama silabi 5.7. Kondakta kashinda? Ngoja. Tazama mawimbi ya sauti ya bibi: baada ya "asubuhi" mstari umelala. Katua hapo, kavuta pumzi. Buruta kipanya juu ya sehemu hiyo, Praat inakuonyesha urefu wake: sekunde 1. Itoe. Zinabaki 3, sawa na za kondakta! Ulimi wa bibi unakimbia vilevile, ila yeye anatua.

Kisha pima irabu ya "la" katika "ghalani", ulinganishe na ya "na" katika "tunapeleka". Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu yake huvutwa kidogo. Kimakonde nacho hurefusha irabu ya mahali hapohapo mwishoni mwa kirai, yaani kikundi cha maneno, kwa hiyo aliyekulia Newala akizungumza Kimakonde huenda akaivuta zaidi. Huenda, nasema, usimbandike mtu kabila kwa irabu moja.

Ukimaliza, warekodi tena wakisimulia jambo lao wenyewe kwa dakika moja, upime vilevile. Sentensi ya kupangiwa humfanya mtu ajisikilize, na vituo vyake havikai kama anavyovikalisha akiwa barazani na wenzake.