Jinsi ya kupata masomo ya kuaminika ya usimamizi wa leseni za programu

Karibuni tena. Niko Njiro, Arusha, na video ya leo ni yako wewe uliyekabidhiwa leseni za programu za ofisi nzima, ukaambiwa "simamia", halafu hakuna aliyekuonyesha pa kujifunzia. Masomo yamejaa mtandaoni. Shida ni kwamba mengi yamepitwa na wakati, na katika kazi hii somo lililopitwa na wakati linakula hela ya watu.

Hili linaniuma kwa sababu lilinikuta. Nilikuwa naisaidia kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, nikapiga hesabu ya leseni za Windows Server, programu ya Microsoft ya kuendeshea seva, kwa kitini nilichopewa na rafiki. Kitini kilisema hesabu prosesa, yaani ile chipu inayofanya kazi ndani ya seva. Bosi akasaini bajeti. Siku ya kununua, msambazaji akaniuliza, "Kore ngapi?" Tangu toleo la 2016, Windows Server inahesabiwa kwa kore, yaani vile vitengo vya kufanyia kazi vilivyomo ndani ya prosesa moja. Kile kitini hakikuwa na tarehe popote. Bajeti ikarudi mezani, na mimi ndiye niliyesimama kuieleza.

Hatua ya kwanza: kabla hujafungua intaneti, fungua kabati. Toa mikataba, ankara, na barua pepe za manunuzi. Andika programu tatu zinazokula fedha nyingi kuliko nyingine. Anza kujifunza hizo, mambo ya jumla yatafuata.

Hatua ya pili: nenda kwa mwenye programu mwenyewe. Tazama hapa kwenye skrini. Huu ni ukurasa wa Microsoft wa masharti ya leseni, unaitwa Product Terms, unasomwa bure. Matoleo ya nyuma nayo yametunzwa, na utayahitaji, maana leseni ya zamani inaweza kufuata masharti ya wakati iliponunuliwa. Lugha yake ni ya mawakili, kwa hiyo soma aya moja kwa siku, kamusi ikiwa pembeni. Ila ujue kwamba mwenye programu ni mfanyabiashara. Masharti yake yashike. Ushauri wake wa ununue nini upime.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inakupa kipimo chako mwenyewe. Kabla hujaliamini somo lolote, liulize swali ambalo jibu lake umeshalisoma kwenye masharti. Langu ni hili: seva ina prosesa 1 yenye kore 6. Nikitaka kuipa leseni mashine nzima ya Windows Server, nahitaji leseni za kore ngapi?

Simamisha video, jibu kwanza.

Jibu ni 16. Kila prosesa huhesabiwa kuwa na kore zisizopungua 8, na kila seva zisizopungua 16. Somo likikuambia 6, aliyeliandika hajafungua masharti. Likikuambia 8, amesoma nusu. Likikuambia 16, likakuonyesha na kifungu, halafu likakukumbusha kwamba watu au vifaa vinavyotumia seva hiyo vinahitaji leseni zao za CAL, yaani ruhusa ya kuifikia seva, hapo kaa chini usikilize.

Tena angalia tarehe. Januari 2023 kampuni ya Oracle ilibadilisha usajili wake wa Java, jukwaa la kuendeshea programu, bei ikaanza kufuata idadi ya wafanyakazi wote wa kampuni, hata wasioigusa Java. Somo la 2021 linaweza kuwa limeandikwa na bingwa kabisa, na bado likakupoteza leo.

Hatua ya nne, misingi. Pakua mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, namba SP 1800-5, wa 2018. Uliandikwa kwa ajili ya sekta ya fedha, lakini namna unavyoonyesha kufuatilia vifaa na programu inafaa hata ofisi ya watu kumi. Ongeza CIS Controls, orodha ya hatua za usalama wa kompyuta, usome udhibiti wa 1 na wa 2, ile ya kuorodhesha vifaa na programu. Vyote ni bure. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mali za TEHAMA, ISO/IEC 19770-1 cha 2017, ni cha kulipia. Kabla hujatoa hela, pitia orodha ya viwango ambavyo ISO inavitoa bure, uone kama familia hiyo ya 19770 ina kitu humo.

Kozi za vyeti zipo. Muulize mwenye kozi mambo mawili tu: somo limehuishwa lini, na je, anauza pia zana za kuhesabia leseni?

Hatua ya tano, tafuta wenzako. Sisi hapa tuko watatu, tunakutana Jumamosi, kila mmoja analeta swali moja lililomshinda. Ukituma ukurasa wa mkataba kwenye kundi la WhatsApp, funika kwanza bei na jina la kampuni. Hiyo ni siri ya mwajiri wako.

Sasa sogea uone daftari langu. Safu ya kwanza swali, ya pili jibu, ya tatu kifungu nilikolitoa, ya nne tarehe niliyokisoma. Mstari huu wa kore 16 nimeshauhakiki mara tatu, na tarehe zote tatu unaziona hapa. Chora safu zako nne, kisha ujaze mstari wa kwanza kwa ile programu iliyoongoza kwenye orodha yako ya kabatini.