Kabla hujauliza nywele zinapandwa ngapi, angalia zinapoenda kukaa

Kamwene! Haya sogeeni huku mbele jamani, sauti yangu si ya mnadani. Nimeambiwa wengi humu ni vinyozi na kina dada wa saluni, wa hapa kwetu Iringa, Kihesa, Mlandege mpaka Ipogolo huko, na hilo limenifurahisha kwa sababu nyie ndo mnakishika kichwa cha mtu kabla daktari hajakiona.

Sasa hii habari ya kupandikiza nywele. Kila mtu anauliza zinawekwa ngapi na ni shilingi ngapi. Sawa, ila mi naona swali lenyewe ni hili, pale zinapoenda kukaa pakoje? Maana mwenye kipara cha kurithi kisogoni mara nyingi nywele bado anazo, na ukizihamishia mbele zinaendelea na tabia yao ya kisogoni ya kutopotea, hilo daktari Norman Orentreich wa New York alishalionyesha tangu miaka ya 1950. Miche ipo, kazi ni shamba. Wakulima wa nyanya wa Ilula wanajua, mche mzuri ukiupeleka kwenye udongo wenye ugonjwa umeutupa. Tofauti moja tu, mche ukisinyaa mchana jioni unaweza ukainuka, kinyweleo, yaani unywele na mzizi wake, kikitolewa kikaachwa kikauke ndo basi tena.

Kina dada, hapa nisikilizeni. Rasta za kubana mpaka mtu macho yanavutika, mwaka hadi mwaka, zinakula nywele za pembeni hapa. Ukiwahi kuacha zinarudi. Ukichelewa ngozi inabaki inang'aa, laini kabisa, hata vitundu vya nywele huvioni, hilo ni kovu. Na kuna nyingine inaanzia utosini inatanuka taratibu, hiyo ni ugonjwa wa makovu na inawapata sana wanawake weusi, mteja anakwambia panawasha, panachoma, panauma ukigusa. Huyo usimwambie akapandikize! Mwambie aone daktari wa ngozi, akatwe kakipande ka ngozi kapimwe, atibiwe, na hata ugonjwa ukitulia madaktari wengi wanataka ukae kimya mwaka au zaidi ndo wapande kitu. Ukipanda juu ya moto zinaungua zote, na za kisogoni ukishazimaliza hununui nyingine. Mapunye, mba mkali, vijipele, navyo vinatibiwa kwanza. Na muulize kama ana keloidi, yale makovu yanayovimba, angalia masikio pale alipotoboa.

Siku yenyewe ya kazi daktari anaanza na kalamu. Nyie vinyozi mnachonga laini ya mbele kwa wembe mpaka inakuwa kama rula imepita, huku hiyo ni kosa, laini inatakiwa ivurugikevurugike kidogo, tena isishuke sana, kwa mwanaume kama sentimita 7 hivi au 8 juu ya katikati ya nyusi, kwa sababu kijana wa miaka 25 akidai laini ya utotoni, akifika 45 za nyuma yake zimeondoka kakisiwa ka mbele kamebaki peke yake. Halafu ganzi. Inachomwa juu ya nyusi pale mishipa ya fahamu inapotokea, paji lote linakufa ganzi, kisha wanaingiza maji ya chumvi chini ya ngozi, mara nyingi yana adrenalini kidogo, dawa ya kubana mishipa ya damu, ngozi inavimba inanyanyuka, kwa hiyo kisu kidogo cha kutobolea vitundu kikiingia hakigusi mishipa ya damu ya chini na damu haimwagiki ovyo.

Vile vitundu vya kupandia ndo kazi yote ilipo. Mbele kabisa vinalala karibu na ngozi, vinaelekea zilikoelekea nywele za zamani, kina milimita kama 4 au 5, humo unaweka vinyweleo vya unywele mmoja mmoja, vya nywele mbili tatu vinakaa nyuma yake. Mtu anataka msitu siku hiyohiyo, lakini ukibananisha kupita kiasi damu haitoshi, ngozi inaweza kuwa nyeusi ikafa, hasa kwa mvuta sigara na kwenye kovu. Kwa ngozi isiyo na kovu wengi wanaishia vinyweleo kama 30 mpaka 40 kwa sentimita moja ya mraba, kwenye kovu chini ya hapo. Sisi wenye kipilipili tuna bahati, mkunjo unafunika ngozi, ingawa mzizi nao umepinda huko chini kwa hiyo kuutoa bila kuukata ni shughuli.

Baada ya hapo ni kutogusa. Unapuliza maji ya chumvi, unalala kichwa juu, paji linaweza kuvimba siku ya pili ya tatu usishtuke. Magamba yanadondoka ndani ya siku 7 mpaka 10, usiyabandue. Halafu wiki chache mbele nywele zenyewe zinadondoka, watu wanalia hapa, lakini mzizi upo, zinaanza kutoka mwezi wa tatu au wa nne na picha kamili ni mwaka.

Kaka pale anauliza mzula, na baridi yetu hii ya Julai. Mzula wa kubana hapana siku hizo 10 za mwanzo, na helmeti ya boda ndo kabisa. Mteja akitaka kunyolewa, mkasi baada ya kama mwezi. Mashine na wembe pale mbele viache miezi mitatu, na relaksa mpaka daktari wake aruhusu, hata akikuongezea hela.