Kufuli la trela na chumvi ya Mombasa

Assalaamu alaykum, na wa salamu nyingine, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya makufuli ya trela, na nimeonywa nisipitishe nusu saa maana magharibi imekaribia. Naona hapa wenye boti, naona madereva wa malori, na kule nyuma namwona jirani yangu ambaye hana trela wala boti. Karibu pia.

Hebu zungusheni kufuli hili, mkono kwa mkono. Limekatwa upinde, ile nondo iliyopinda juu, na ndani ya tundu mna kipande cha ufunguo. Ni langu. Nililinunua kwa sababu muuzaji aliniapia kuwa ni chuma cha pua kitupu, nikalifunga kwenye trela ya boti kule Mtwapa, nikalisahau kusi nzima. Jumamosi moja alfajiri, boti tayari, barafu imeshanunuliwa, ufunguo ukaingia nusu ukagoma. Nikatia mafuta ya kupikia, naona haya kuwaambia. Nikakaza mkono, ufunguo ukakatikia ndani. Sasa litazameni: nje lang'aa kama sahani ya harusi. Likung'uteni kidogo. Hiyo vumbi nyekundu ndiyo springi zake. Gamba lilikuwa chuma cha pua, matumbo yalikuwa chuma cha kawaida.

Akaitwa kijana mwenye grainda. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Siku ile niliacha kuuliza kufuli gani haliwezi kukatwa. La kubeba mkononi lote hukatika. Unachonunua ni dakika na kelele, mwizi achoke au aonekane. Lakini kwa sisi wa pwani mwizi ni wa pili. Wa kwanza ni chumvi, na mbinu yake ni ya taratibu: kufuli huanza kuwa zito, wewe unachukia kuhangaika nalo, unasema leo narudi upesi, unaliacha limening'inia wazi. Mwizi akija anakuta kazi imeshafanywa.

Kwa hiyo mkienda dukani, anzeni ndani. Makufuli mengi tunayoyajua ni ya pini na springi, ule mtindo wa Linus Yale wa Marekani wa karne ya 19. Springi zake ni nyembamba kama unywele, na kutu huanzia hapo. Uko mtindo mwingine, wa visahani vinavyozunguka, aliobuni Emil Henriksson huko Ufini mwaka 1907. Huo hauna springi za kusukuma pini. Wafini unawafaa kwenye barafu, na kwetu unafaa vilevile, maana mchanga na chumvi havina springi ya kuila. Bei yake iko juu. Mimi nililipa, na sijutii.

Muulizeni pia muuzaji kama kufuli limepimwa kwa ISO 9227, kile kipimo cha kimataifa cha kutu. Hapo chuma huwekwa kwenye chumba cha ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, joto nyuzi 35, karibu na Machi yetu hapa, kisha huhesabiwa saa kilizostahimili. Akikwambia "limepimwa" bila kutaja saa, cheka naye, uende duka la pili.

Upinde nao una mtihani wake. Chuma cha pua hakiliwi na kutu upesi lakini ni laini kwa msumeno. Chuma kilichokazwa kwa moto ni kigumu lakini chumvi inakipenda. Mimi huchagua kilichokazwa, kikiwa kimepakwa zinki na kufunikwa na gamba, upinde usionekane ila kidogo. Pasipo na nafasi ya kuingiza mtaimbo, mtaimbo hauna kazi.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kununua kufuli la pini, lile la kushika trela na gari zikiwa zimeungana, kisha akaliamini trela ikiwa imeegeshwa peke yake. Trela iliyoegeshwa ina mdomo wazi, yaani lile tundu la mbele linalokalia tufe, mpira wa chuma ulio nyuma ya gari. Ukifunga kishikio chake tu, mwizi huja na tufe dogo zaidi, au akaifunga kwa mnyororo akaiburuta. Nunua kufuli linalojaza mdomo wenyewe, pasiingie tufe lolote. Na pimeni kabla ya kununua: matufe ya Ulaya ni milimita 50, ya Marekani ya inchi 2 ni milimita 50.8. Hiyo tofauti ya 0.8 unaweza kuidharau mpaka kufuli likatae kuingia, au likacheza kama jino bovu. Kisha inama uangalie mdomo umefungwaje kwenye trela. Mara nyingi ni boliti mbili tu. Mwenye spana ataung'oa mdomo wote na kufuli lake juu, akafunga wake.

Matunzo ni mepesi, taabu ni kuyakumbuka. Trela ikitoka majini, kufuli lioshwe kwa maji matamu, likung'utwe, likauke kivulini tundu likitazama chini. Baada ya hapo tia kilainishi kikavu cha tefloni ndani ya tundu. Grisi ni ya upinde na pini za nje. Ndani ya tundu inakamata mchanga. Kuna wenzetu wa bara wanaosugua ufunguo kwa risasi ya penseli. Nairobi sawa. Hapa usifanye: hiyo risasi ni grafiti, na grafiti ikikutana na chuma na maji ya chumvi hugeuka betri ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Ile WD-40, dawa ya kupuliza ya kopo, nayo ilitengenezwa mwaka 1953 kufukuza maji, na maji inayafukuza kweli, lakini ni nyembamba na haikai. Puliza, futa, halafu tia kilainishi chenyewe.

Funika tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ila chini pawe wazi, la sivyo jasho litabaki humo. Na kila wiki zungusha ufunguo hata kama huendi popote. Ukiona umeanza kubishana nao, umeshachelewa wiki tatu.

Naam, Bi mkubwa pale? Anauliza mumewe ana lori, trela hulala Miritini ikingoja kontena. Hilo ni la kingipini, Bibi. Kingipini ni lile jino la chini ambalo kichwa cha lori hulishika, nayo iko ya inchi 2 na ya inchi 3 na nusu. Kufuli lake ni kofia nzito ya chuma inayolifunika lote, kichwa kisipate pa kushika. Mwambie alete kipimo, si makisio. Na kwa kuwa linafungwa uvunguni, kwenye vumbi na matope, hilo ndilo la kuoshwa kuliko yote na ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Nani mwingine? Mzee, hilo la mfukoni naliona tangu nianze. Lete hapa. Na ufunguo wake… polepole, usilazimishe. Nipeni ile chupa ya maji matamu.