Mto Nyuma ya Mgongo

REHEMA: Tumeshaanza kurekodi, shemeji. Kaa.

SHABANI: Nimekaa. Najinyoosha tu.

REHEMA: Wasikilizaji, hicho mlichosikia kikilia si kiti. Ni mgongo wa Shabani.

SHABANI: Umeanza.

REHEMA: Basi simulia mwenyewe, maana mimi habari hii ninayo kwa mdomo wa dada yangu.

SHABANI: Ya mke wangu ina chumvi nyingi, msiisikilize. Jamani, habari zenu. Mnajua tangu nihamishiwe kituo kipya cha kazi naendesha kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, siku tano kwa wiki, barabara kuu tupu. Sasa Jumanne nimefika, nimezima gari, nikashusha mguu wa kwanza, nikashusha wa pili, nikasimama. Yaani, nilidhani nimesimama. Kumbe nimebaki nimepinda kama ndoano, mkono mmoja umeng'ang'ania mlango. Mlinzi wa getini, kijana ana adabu zake yule, kaja mbio, kainama na yeye, anachungulia chini ya gari. "Mzee, umedondosha nini?"

REHEMA: [anacheka] Ukamjibuje?

SHABANI: Ningemjibuje? Nikasema funguo. Tumetafuta funguo mimi naye dakika nzima, na funguo ninazo mkononi.

REHEMA: Asizione?

SHABANI: Aliziona. Adabu ndiyo ilimzuia kusema.

REHEMA: Na Jumatano, mto wa kwenye kochi la dada ukatoweka. Kanipigia simu asubuhi, anauliza kama watoto wangu walipokuja waliondoka nao. Mto wenyewe ule mwekundu wenye mashada pembeni. Nikamwambia dada, waulize wanaosafiri.

SHABANI: Niliuazima.

REHEMA: Mtu anaazima mto wa kochi bila kuaga? Mashada yanachungulia dirishani, gari limekuwa kama la bibi harusi.

SHABANI: Unafanya kazi, lakini. Nimeuweka hapa, juu ya mkanda wa suruali, usawa wa kiuno. Ule uwazi wa kiti umejaa. Jumatano nimeshuka wima.

REHEMA: Haya. Leo tulipanga kuzungumzia gari la kwenda mbali kila siku: lisile mafuta, na lisikuue. Nina karatasi yangu hapa, mambo matano. La kwanza...

SHABANI: La kwanza kiti.

REHEMA: La kwanza ni mafuta. Kiti ni la nne.

SHABANI: La nne! Rehema, mafuta unayasoma kwenye karatasi kabla hujanunua. Kiti hakisomwi. Mimi gari hili nilipolijaribu nililizungusha dakika kumi na muuzaji pembeni anapiga soga, nikatoka nasema kiti kitamu, laini, unazama. Kiti cha kuzama kinakudanganya. Nusu saa ya kwanza umekaa kwenye sofa, saa inapokatika makalio yameshafika kwenye chuma na kiuno kinaning'inia. Ukitaka kununua gari, mwombe mwenye nalo ukae ndani saa nzima. Akikuona mwendawazimu, sawa.

REHEMA: Saa nzima ndani ya gari la mtu? Atakuitia polisi.

SHABANI: Aite. Wakinikuta, nitakuwa nimenyooka.

REHEMA: Gari gani lakini? Litaje, watu wasaidike.

SHABANI: Sitaji. Mwingine analo hilohilo na mgongo wake mzima, atasema namchafulia. Ninachosema, angalieni mambo haya. Ukikaa, makalio yamegota nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikibaki nafasi ya mkono mzima, kiti ni kifupi, mapaja hayana pa kulala, uzito wote unaangukia nyuma. Na usukani: uwe wa kuvuta kuja kwako, si wa kupanda na kushuka tu. Wangu unapanda na kushuka. Nikisogeza kiti ili miguu ikae sawa, mikono haifiki. Nikisogea mikono ifike, magoti yanakuja kidevuni. Kwa hiyo naendesha nimejikunja, kilomita 120.

REHEMA: Shemeji, nikuulize. Pochi unaiweka wapi?

SHABANI: Pochi gani?

REHEMA: Ya hela. Ile nene, yenye risiti za tangu ukiwa kapera.

SHABANI: Mfukoni.

REHEMA: Mfuko upi?

SHABANI: ...Wa nyuma.

REHEMA: [anacheka] Wa nyuma!

SHABANI: Hiyo haihusiani.

REHEMA: Unakaliaje tofali upande mmoja, nyonga imepanda kulia, uti wa mgongo umepinda saa nzima, halafu unalaumu kiwanda? Wasikilizaji, mtu kakalia kitambulisho, leseni na kalenda ya mwaka juzi, halafu kaiba mto!

SHABANI: Nimeuazima. Na hata ningeitoa, usukani ungebaki vilevile.

REHEMA: Uliitoa lini, ujue?

SHABANI: Sijaitoa.

REHEMA: Basi tusubiri ripoti. Usitukane mamba kabla hujavuka mto, shemeji, na mto wenyewe umeukalia.

SHABANI: Siukalii. Nauegemea.

REHEMA: Tuje kwenye mafuta. Ulipima kama nilivyokuambia?

SHABANI: Nilipima. Nilijaza tangi mpaka pampu ikajizima, nikarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Nimeenda kilomita 610, nikarudi pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikajizima. Zimeingia lita 43.

REHEMA: Lita 43 gawanya kwa 610, mara mia. Saba na kidogo kwa kila kilomita 100. Dashibodi ilisema ngapi?

SHABANI: Sita nukta nne.

REHEMA: Ndiyo maana nasema pimeni kwenye pampu. Dashibodi nyingi zina tabia ya kukubembeleza. Sasa hesabu: wiki moja kilomita 1,200, hiyo ni lita 84. Ukichukua gari la lita tano umebaki na 24 mfukoni kila wiki.

SHABANI: Mfuko wa mbele.

REHEMA: Wa mbele, tafadhali.

SHABANI: Na gari gani la lita tano? Najua unapokwenda. Unakwenda kwenye haibridi, hizi za injini na mota ya betri.

REHEMA: Toyota Prius, ndiyo. Imeanza kuuzwa Japani 1997, si kitu cha jana hicho.

SHABANI: Sikatai. Lakini haibridi ufalme wake uko mjini. Unafunga breki, nguvu inarudi kwenye betri, unasogea, unafunga tena. Barabara kuu breki utazigusa mara ngapi? Pale betri ni abiria tu, injini ndiyo inavuta.

REHEMA: Nusu kweli. Faida inapungua, haifi. Injini yenyewe imetengenezwa kwa kubana matumizi, na bodi imechongwa. Ile ya kizazi cha tatu, ya 2009, kipimo chake cha ukinzani wa upepo ni 0.25, na kikiwa kidogo ndiyo vizuri. Kwenye mwendo mkubwa unachopigana nacho ni upepo. Wewe ukipandisha gari refu la kibabe, na keria juu haina hata mzigo, unasukuma ukuta.

SHABANI: Mimi nasema dizeli. Gari la saluni, lile la chini lenye buti nyuma, la dizeli, gia sita. Kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa injini inanguruma taratibu, mizunguko kama 2,200 hivi kwa dakika. Na kile kichujio cha masizi kinachowasumbua watu wa mjini, safari ndefu ndiyo dawa yake, kinapata moto wa kutosha kujisafisha. Kigari kidogo cha gia tano kwenye 120 kinapiga kelele mizunguko 3,500, ukishuka masikio yanavuma.

REHEMA: Kwa nini 120?

SHABANI: Kwa nini nini?

REHEMA: Kwa nini mifano yako yote iko kwenye 120? Nenda 100.

SHABANI: Barabara inaruhusu 120.

REHEMA: Inaruhusu, hailazimishi. Ukitoka 100 kwenda 120 ukinzani wa upepo hauongezeki kwa asilimia 20. Unaongezeka kwa 44, kwa sababu unakwenda kwa mraba wa mwendo. Hilo gari lako la lita saba, shuka mpaka 100, linaweza kukurudishia lita moja nzima kila kilomita 100. Hujabadilisha gari, hujakopa, umeinua mguu tu.

SHABANI: Na dakika zangu?

REHEMA: Dakika zipi? Kilomita 120 kwa 120 ni saa moja. Kwa 100 ni saa moja na dakika 12.

SHABANI: Dakika 12 kwenda, 12 kurudi. Dakika 24 kwa siku. Saa mbili kwa wiki, Rehema! Unaniambia niuze saa mbili za maisha yangu kwa lita 12.

REHEMA: Hizo saa mbili ungezifanyia nini?

SHABANI: Ningelala! Ningemkuta mtoto macho. Mwanangu analala saa mbili usiku. Nikifika saa mbili kasoro dakika tano tunaongea, nikifika na dakika saba namkuta amefumba. Hiyo iandike kwenye karatasi yako, ina lita ngapi?

REHEMA: Na mimi nakuuliza, ukifika umechoka vile, umepinda, unaongea naye nini? Kwenye 120 macho hayapumziki. Kila lori ni la kulipita. Mimi ile miaka mitatu ya njia ndefu niliyopita, mwaka wa kwanza nilikimbia, miwili nilikwenda 100 nyuma ya malori. Nilikuwa nafika sijakunja taya.

SHABANI: Ulikuwa huna mtoto.

REHEMA: Hapo umenipiga chini ya mkanda.

SHABANI: Samahani. Lakini ulikuwa huna.

REHEMA: Sikuwa naye. Na bado nasema 100.

SHABANI: Na mimi bado 120.

REHEMA: ...

SHABANI: Wanatusikiliza, sema kitu.

REHEMA: Nafikiria. Hapana, sibadiliki. Mtu anayechagua gari aanze kwa kuchagua mwendo. Wa 100 kigari kidogo kitamtosha. Wa 120 ndiye anayehitaji hayo masaluni yako.

SHABANI: Hapo ungesema mwanzo tungeelewana.

REHEMA: Hatujaelewana.

SHABANI: Hatujaelewana, ndiyo. Ila unakubali saluni yangu ina kazi.

REHEMA: Kwa mtu aliyekosea mwendo, ina kazi.

SHABANI: Haya, kruzi basi, kile kidude kinachoshikilia mwendo wenyewe bila mguu. Yoyote utakayonunua, iwe na kruzi. Mguu wangu wa kulia unakufa ganzi kuanzia kilomita ya 80.

REHEMA: Wa kulia! Upande wa pochi!

SHABANI: Nilijua. Nilijua tu.

REHEMA: Unajua aliyebuni kruzi alikuwa kipofu? Mhandisi Mmarekani, Ralph Teetor. Alipoteza macho utotoni. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiendeshwa na wakili wake, na yule wakili akiongea gari linapungua mwendo, akinyamaza linakimbia. Teetor kaona kero, kwa kuwa haoni alikuwa anausikia ule mwendo mwilini. Hataza yake, yaani haki ya ubunifu, ni ya 1950, na Chrysler wakaanza kuifunga kwenye magari yao ya 1958. Nikipanda gari lako namkumbuka. Ukianza kusimulia mpira, mguu unapanda na kushuka kama cherehani.

SHABANI: Mimi huyo wakili?

REHEMA: Wewe wakili. Na hapo lita zako nyingine ndipo zinapopotelea.

SHABANI: Wakili alikuwa na mto?

REHEMA: [anacheka] Jamani, saa. Tumebakiwa na dakika ngapi?

SHABANI: Tatu. Karatasi yako imefika wapi?

REHEMA: La kwanza, nusu. La nne umelimaliza peke yako. Matairi hatujagusa kabisa.

SHABANI: Yataje haraka.

REHEMA: Tairi nene kwenye rimu ndogo, inchi 15 au 16, zina utulivu kuliko hizi rimu za maonyesho zenye tairi nyembamba kama kanda. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, namba iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si ile iliyochorwa kwenye tairi, ile ni kikomo. Kelele...

SHABANI: Na sevisi! Mtu wa kilomita 1,200 kwa wiki, kama gari lake oili ni kila 10,000, anabadilisha kila miezi miwili. Vipuri vipatikane, siyo gari unaagizia chujio linakuja baada ya mwezi.

REHEMA: Hilo lilikuwa la tano. Umelisema vibaya lakini litapita. Kelele na taa tuzirushe wiki ijayo.

SHABANI: Wiki ijayo tulisema mkopo wa gari.

REHEMA: Basi ndiyo hivyo, hazitasemwa. Kuna msikilizaji aliuliza otomatiki au gia za mkono kwa njia ndefu. Sekunde kumi.

SHABANI: Otomatiki.

REHEMA: Barabara kuu unabadilisha gia mara ngapi? Za mkono.

SHABANI: Na foleni ya kuingia mjini mwishoni? Goti la kushoto nalo liende?

REHEMA: Muda umekwisha. Shemeji, toa pochi.

SHABANI: Sasa hivi?

REHEMA: Sasa hivi, weka mezani tuione. Eeh! Shabani! Hii si pochi, hili ni faili.

SHABANI: Zima hiyo.

REHEMA: Kuna funguo humu ndani?

SHABANI: Ya akiba. Zima, Rehema.